Mwavuli Siku ya Jua

Basini, mbele yangu, mwashi alimsimulia mshonaji filamu moja ya zamani ya vichekesho. Marafiki watatu wanaruka kutoka paani kwa mwavuli mmoja, wakipiga kelele, "Upepo, tupokee!"

"Kila nikiiona, dada, mbavu sina," alisema, mtu mzima na ndevu zake.

Mshonaji akasonya. "Mpwa wangu naye aliruka. Mguu una vyuma mpaka leo."

"Alisahau ni mchezo?"

"Hakusahau, kaka. Wenzake walikuwa chini wanamshangilia."

Wazazi wenzangu, nilikauka. Asubuhi hiyo binti yangu alitoka nje kucheza, mwavuli wangu mkononi, jua linawaka. Alisema, "Upepo!" Wenzake getini wakaitikia, "Tupokee!" Nikadhani ni salamu yao.

Basi liliposimama, wale wawili bado wanabishana, nikashuka. Hakikuwa kituo changu. Nikaanza kukimbia kurudi nyumbani.