Dakika Nne za Foleni

Ni nani kati yenu mlioketi hapa hajawahi kusema, akiwa ofisini, sokoni au chumbani na mumewe, "Koti limekuelewa, mimi bado"? Anyooshe mkono. Mikono yote iko chini, hata ya wachimba kaburi kule nyuma, basi wote mnamjua marehemu, ila hamjui kwamba mnamjua, na ndiyo sababu historia hii itakuwa ndefu kuliko ile aliyoiandika baba mdogo, iliyokuwa tarehe, nukta, tarehe, nukta, kama risiti ya duka, na ambayo msomaji wenu, binti wa mwisho wa marehemu, ameikunja na kuiweka mfukoni kwa heshima zote.

Marehemu, ambaye jina lake la kwenye vyeti limeandikwa juu ya sanduku hili lakini mtaa mzima ulimwita Foleni, alizaliwa Jumatano tarehe 14 Machi 1956, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli, akiwa mtoto wa tatu kati ya saba wa mpiga pasi wa hoteli na mama muuza mkaa, na bibi yake alipenda kusimulia kwamba mtoto huyu alitoka kimya, akawatazama waliokuwepo mmoja mmoja, ndipo akalia, kana kwamba alikuwa anasubiri watulie kwanza.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa mkabala na ghala la saruji kuanzia mwaka 1964 hadi 1970, akaendelea na sekondari hadi 1974, ambako alisimamishwa wiki mbili kwa kosa la kumwigiza mwalimu wa hesabu, kisha akarudishwa siku ya tano baada ya mwalimu mwenyewe kumwambia mkuu wa shule kwamba kosa lipo, lakini kijana kaigiza sawasawa, hata kikohozi hakukiacha.

Tarehe 2 Mei 1977 aliajiriwa na idara ya umeme kuwa msoma mita, kazi aliyoifanya miaka thelathini na minne, akiingia nyumba za watu kwa mlango wa nyuma, akipita jikoni, akiona masufuria na magomvi yao, na jioni akiandika aliyoyasikia kwenye daftari dogo la mfuko wa shati, kama neno la bibi mmoja aliyemfuata hadi ukutani akamwambia, "Mwanangu, kama unasoma, soma kwa sauti, na sisi tusiojua kusoma tusikie." Huko kazini ndiko alikokutana na msoma mita mwenzake, kijana mrefu mwenye sauti ya ngoma, ambaye leo mnamwita Meneja na mnapiga naye picha barabarani, wakawa chanda na pete, na mwaka 1979 wakaanzisha kikundi cha vichekesho kwenye klabu ya wafanyakazi, watu watano, meza moja, na kipande cha mbao kilichotobolewa tundu kuwa dirisha la ofisi.

Kikundi hicho kilikuwa na sheria moja, na sheria hiyo aliitunga marehemu kwa mkono wake, nayo ilisema kwamba aliyeleta kichekesho haruhusiwi kukimalizia, kwa kuwa mwenye kichekesho hucheka kabla ya kufika mwisho na kukiharibu, kwa hiyo yeye ataanza, atapika, atapakua, halafu mwenzake ndiye atakayeonja mbele ya watu. Pia alikataa majina kuandikwa mwishoni, akasema iandikwe "Mtunzi: kikundi kizima", maana cha mmoja ni cha wote. Binti yake, ambaye ana shahada ya upper second na barua mia moja na kumi na mbili za kunyimwa kazi, zile za we regret to inform you, angekuwepo siku ile angemshika mkono baba yake kabla hajatia sahihi, lakini alikuwa hajazaliwa, na wema wa marehemu ulikuwa haujapata wakili.

Alifunga ndoa tarehe 9 Agosti 1980 na mshona mapazia wa mtaa wa pili, ambaye ni mama huyu mnayemwona hapa mbele, msimamizi wa harusi akiwa yule yule Meneja, na wakajaliwa watoto wanne, wa kwanza mvulana aliyezaliwa 1982, akifuatiwa na msusi, fundi wa mafriji, na huyu anayesoma. Yule wa kwanza alifariki kwa homa Jumanne tarehe 21 Februari 1984, akiwa na mwaka mmoja na miezi kumi, na hapa naomba mnisikilize vizuri, maana baba mdogo alipafupisha kwa maneno mawili.

Asubuhi iliyofuata marehemu alikwenda kutafuta kibali cha kuzika, akiwa na Meneja, na kwenye ofisi ile kulikuwa na dirisha la kioo kilichochafuka mpaka kikawa kama maziwa, chini yake tundu la kupitishia karatasi, na ndani yakionekana mabega ya mtu aliyekaa. Marehemu aliinamisha kichwa asionekane macho, akaanza kueleza, akasema mtoto ni wa kwanza, akasema homa ilianza Jumapili, akaomba radhi kwa kusumbua, akayauliza yale mabega kama na yenyewe yana watoto, akalia, akajifuta, akaeleza upya kwa mpangilio mzuri zaidi akidhani hakueleweka, hadi Meneja alipochungulia kwenye tundu, akamshika bega, akamwambia taratibu, "Ndugu yangu, twende. Unaongea na koti." Karani alikuwa amelitundika kwenye kiti ili ionekane yupo, naye alikuwa ametoka kunywa chai.

Mwaka 1986 kituo cha televisheni kiliwachukua, kipindi kikaitwa Dirisha la Tatu, kikarushwa kila Alhamisi kwa miaka ishirini na mitatu, marehemu akiwa raia aliyesimama kwenye foleni na Meneja akiwa meneja, na tarehe 12 Novemba 1987 wakarusha kile cha koti. Waliokiona wanasema marehemu aliongea na koti dakika nne nzima, peke yake, akalibembeleza, akalisifia vifungo, akaliuliza habari za watoto, akalia na kujifuta, watu wakicheka huku hawajui kwa nini macho yanawauma, ndipo Meneja akaingia, akalichukua koti, akalivaa, akasema yale maneno manne mnayoyajua, na nchi ikaanguka kwa kicheko. Mama alikisikilizia dirishani kwa jirani, akakijua kabla hakijafika nusu, akamnunia mumewe wiki mbili, na alipomuuliza ni uchawi gani huo wa kumwanika mtoto wao, marehemu alijibu, "Nilitaka nilie mbele ya watu bila mtu kuniuliza nina nini." Mama akaanza kuzungumza naye tena siku hiyo hiyo.

Sasa, kwa kuwa Alhamisi jioni ndiyo ilikuwa siku yao ya mazoezi, wanakikundi hawakuwahi kukitazama kipindi chao wenyewe, na kanda hazikuuzwa wala kurudiwa, kwa hiyo marehemu alistaafu mwaka 2011 akiwa mtu pekee wa rika lake katika mtaa huu ambaye hajawahi kuona dakika zile nne, na kila mara aliposikia vijana wanatumia maneno ya Meneja kwenye gereji au benki, alitabasamu tu na kusema, "Mwanzo wake ni mtamu zaidi, siku moja mtauona."

Alianza kuugua figo mwaka 2021, na tarehe 3 Septemba 2024 akalazwa wodi namba sita. Huko ndiko binti yake alikomwonyesha kwenye simu tangazo la kituo kwamba vipindi vya zamani vinarudi, wanaita "Dhahabu ya Dirisha la Tatu", na cha kwanza, Alhamisi tarehe 26 Septemba, saa kumi na moja jioni, ni cha koti. Marehemu alikaa kitandani kama mtu aliyepandishwa cheo, akaagiza wembe na shati lake la bluu, akanyolewa na mgonjwa wa kitanda cha jirani, dereva wa lori mwenye mguu kwenye plasta, aliyemuuliza, "Mzee, unajipamba hivyo unakwenda wapi?"

"Naenda kujitazama."

"Kuna kioo chooni."

"Kile kinaonyesha mzee. Mimi namtaka yule kijana."

Wodi nzima ikasogea kwenye televisheni ya ukumbini, wenye magongo, wenye dripu, nesi wa zamu naye akasimama mlangoni akisema ana dakika tano tu, mama akashika mkono wa mumewe, muziki ukapiga, dirisha likaonekana, kiti kikaonekana, koti likaonekana, na hapo hapo mlango ukafunguliwa, Meneja akaingia, akavaa koti, akasema maneno yake, kicheko, makofi, basi. Sekunde kumi na nne. Kona ya chini kushoto palikuwa na kiwiko, na kiwiko hicho ndicho alichobakiziwa marehemu. Wagonjwa walicheka kwa adabu, dereva akageuka akauliza, "Sasa mzee, wewe ulikuwa wapi hapo?" naye akajibu, "Niko kwenye foleni bado, sijafikiwa," na wodi ikacheka kuliko ilivyochekea kipindi.

Lakini hawakuwa wamemaliza, maana kila kichekesho kilifuatiwa na mahojiano, na hapo akaja Meneja mwenyewe kwenye sofa jeupe, miwani nyeusi, akaulizwa na mtangazaji wazo lile la ajabu alilipata wapi, akacheka, akasema, "Unajua, mimi mawazo yangu mengi huja nikiwa naoga." Anaoga! Mama akasema, "Zima." Nesi akanyoosha mkono, marehemu akasema, "Iache," akaitazama mpaka matangazo, halafu akamgeukia mkewe, na kwa sauti ya mtu anayeuliza njia akasema, "Si alikuwepo?" Mama akamjibu alikuwepo. Akauliza tena, "Si yeye ndiye aliyenishika bega?" Mama akamjibu ndiye.

Kuanzia jioni hiyo marehemu hakumtania mtu tena, shati la bluu akaomba lirudishwe nyumbani, na madaktari walipomuuliza anajisikiaje alijibu vizuri, asante, kama mtu wa kawaida, jambo lililotutisha kuliko vipimo.

Binti yake aliandikia kituo barua pepe tatu, akajibiwa moja, ikisema we have noted your concern, na kwamba vipindi vimefupishwa kwa sababu content ya siku hizi ni ya vipande vifupi, mtazamaji hana subira, lugha ambayo binti anaifahamu vizuri kwa kuwa ndiyo wanayomkatalia nayo kazi. Ijumaa tarehe 4 Oktoba mpiga picha wa zamani wa kipindi, mzee wa watu, alikuja na machungwa, akakaa pembeni ya kitanda, akamwambia marehemu kwamba kanda nzima ipo, salama, rafu ya chini ya stoo, na kwamba si kijana wa kompyuta aliyeamua mahali pa kukata, bali Meneja aliitwa kuwa mshauri, akavuta kiti, akanyoosha kidole kwenye skrini, akasema, "Anzia hapa, ninapoingia."

Binti alimpigia Meneja, aliyemwita baba mkubwa maisha yake yote, na baba mkubwa hakukana, alisema tu, "Binti yangu, hasira za nini, sheria aliitunga baba yako mwenyewe, kichekesho ni cha kikundi." Akamuuliza kikundi ni nani. Akajibiwa, "Kikundi ni tuliobaki." Siku hiyo marehemu alikuwa bado anapumua.

Marehemu alifariki Jumanne tarehe 8 Oktoba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane, mkewe akiwa kitini na sindano yake ya mapazia, akiacha mjane, watoto watatu na wajukuu watano. Daktari ameandika figo, nasi hatubishani na daktari, figo ziliugua miaka mitatu na hakuna aliyeziharibu. Tunachosema ni kwamba mtu huyu aliomba kitu kimoja tu kabla ya kuondoka, ajione, na aliyemnyima alijua anamnyima nini, maana alisimama pale mwaka themanini na nne na kuyaona machozi yenyewe.

Familia inawashukuru madaktari na manesi wa wodi namba sita, na hasa nesi wa zamu ambaye dakika zake tano zilikuwa saa nzima, inamshukuru dereva wa lori aliyekuja leo na plasta yake, majirani waliotandika maturubai, wasoma mita wastaafu waliobeba sanduku, na mpiga picha, ambaye ameambiwa kituoni asije na amekuja. Baba mdogo naye tunamshukuru, na tunamwomba aache kunivuta gauni, nimekaribia. Pumzika, baba, umesimama vya kutosha, amani iwe kwako, na zogo utuachie sisi.

Mkuu wa vipindi, wewe uliyeleta shada la maua lenye nembo ya kituo, tunataka kanda ile irushwe Alhamisi ijayo, nzima, pasipo kukatwa hata pumzi, na jina la mtu huyu, lile la kwenye sanduku, liandikwe mwanzoni mwake. Nawe baba mkubwa, uliyekaa safu ya pili, hatuhitaji rambirambi yako wala hotuba uliyoandaa, tunataka jambo moja, na tunalitaka sasa, kabla kamba hazijalegezwa, mbele ya mama na mbele ya watu hawa wote. Vua miwani, simama, uwaambie koti lile mlilikuta wapi, wewe na baba, na kwamba siku ile alikuwa amefiwa na mtoto.