Breki ya Mwalimu

Macho hayana pazia, wala masikio. Fundi cherehani alisikia yote kutoka kiti cha nyuma cha basi; mbele yake mwalimu wa udereva na mkewe walikuwa wakipanga kukodi gari wazunguke kisiwa.

"Mama watoto, usukani shika wewe," mwalimu alisema. "Miaka yote nimekaa kiti cha pembeni, mguu kwenye breki yangu ya kufundishia. Nikikaa kwa dereva naona kama nimevaa kiatu cha mtu."

Mke akashusha pumzi kama aliyetuliwa gunia kichwani. "Kumbe! Nami sikulala, nikiwaza wewe na zile kona za juu ya bahari. Niliona haya kukuambia."

"Basi, yameisha."

"Hayajaisha. Wewe utakaa nyuma."

"Nyuma? Mimi mzigo?"

"Mzigo haumfokei dereva."

Mwalimu akaapa kufunga mdomo, hata mbuzi wakivuka barabara. Mkewe akaanza kulegea.

Basi lilipokaribia kituo, mwalimu akakanyaga sakafu kwa nguvu kabla dereva hajashika breki. Mkewe akautazama ule mguu, kisha akamgeukia fundi.

"Dada, wewe ni shahidi."