Namba Mbili Yangu Jimboni Kilmorra

Sogezeni viti karibu, wanangu, maana sauti niliyobakiwa nayo haifiki mlangoni, na wewe Attracta, binti yangu, uache kunipangia mito mgongoni kama unapanga magunia dukani. Kasisi ameshanipaka mafuta, daktari ameshanionyesha ile sura yake ya kutazama saa, na mimi bado nina mambo. Colman, mwanangu, kaa pale nikuone, usinitazamie dirisha. Na wewe Orla, mjukuu wangu uliyekulia Australia, huyajui haya, kwa hiyo nitakueleza wewe, na hawa wawili wasikilize kama wanavyosikiliza ya majirani, yaani kwa makini.

Nyumba na mashamba ya huku juu ni ya Colman. Duka ni la Attracta, pamoja na paka wake na vumbi lake. Hayo yako kwa mwanasheria mjini na hayana mjadala. Ninalolitaka leo ni jingine, na nalitaka kabla sijafumba macho: nataka Manus Lavelle aletwe hapa, aingie kwa mlango wa mbele, akae karibu na kitanda hiki nikiwa bado namtambua. Ndiyo, huyo huyo Manus wa ng'ambo ya ziwa. Mmeona? Colman ameshageuka rangi. Mwanangu, najua ulimwambia asikanyage hapa tena, ukalisema hilo mbele ya watu, na yeye hajakanyaga. Lakini ulisema katika nyumba yangu, na mimi sijafa bado.

Orla, zamani pande zote mbili za ziwa hili, sisi wa Glenfarra na wale wa ng'ambo, tulikuwa jimbo moja la uchaguzi, jimbo la Kilmorra, tukipeleka wabunge watatu Dublin. Kulikuwa na sisi na kulikuwa na wale, na uhasama wetu ulianzia kwenye vita vya ndugu kwa ndugu, kabla mimi sijazaliwa, na ukiniuliza tofauti yenyewe ilikuwa nini nitakuambia kwamba wale walikaa upande wa kushoto kanisani. Baba yangu hakununua hata msumari kwenye duka la wale. Jirani yetu Bibi Gaughan peke yake ndiye aliyekaa vizuri na kila mtu, kwa sababu kila mgombea aliyebisha hodi kwake alimkatia mkate wa magadi, akampa chai, akamnong'oneza sikioni, "Namba moja ni yako, bwana, ila usimwambie mtu," nao wakatoka wote wakiwa na furaha na siagi kidevuni. Alipokufa walikuja kumzika wote, kila mmoja akidhani ndiye mfiwa.

Katikati ya sisi na wale akajitokeza Manus, kijana wa ng'ambo, mgombea binafsi, hana chama. Alitaka kitu kimoja tu, daraja kwenye ile shingo nyembamba ya ziwa, ili watoto wa kwao wasizunguke maji yote kwenda shule. Wagombea walikuwa wakihutubia Jumapili baada ya misa, wamesimama juu ya ukuta wa kanisa. Siku yake mvua ilikuja ya kumwaga kwa ndoo, watu wakakimbilia baa, nikabaki mimi na mwavuli wa mama yangu. Unadhani aliacha? Alimaliza hotuba yote mbele ya msichana mmoja, akiniita "wananchi wenzangu." Aliposhuka ukutani, maji yanamchuruzika puani, akaniuliza, "Umezikubali hoja zangu?" Nikamwambia, "Sijasikia hata moja. Ila endelea."

Basi tukaendelea majira yale yote ya kiangazi, na mengine hayawahusu. Baba alipojua hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Hana chama kabisa? Sasa mimi nikifa, nani wa upande wake atakuja kubeba jeneza?" Kwa baba hilo lilikuwa swali la maana, na mwaka uliofuata nikaolewa na Fintan Heraty, mtoto wa mbunge wetu, ambaye naye akawa mbunge. Msinikunjie uso. Baba yenu alikuwa mtu mwema, sikumfuata kwa machozi, na nikipewa maisha haya tena nitamkuta pale pale jikoni amevua viatu. Lakini moyo wa mtu si chumba kimoja, na ninyi nyote mna umri wa kulijua hilo, hata wewe Orla, usijifanye.

Kwetu, Orla, kura haiwekwi alama moja ukaenda zako. Unaandika namba: moja kwa unayemtaka zaidi, mbili kwa anayefuata, mpaka uchoke. Namba moja wako akianguka, karatasi yako inachukuliwa na kupelekwa kwa namba mbili. Na akipata kura nyingi kuliko anazohitaji, ile ziada nayo inahamia kwa namba mbili. Mimi miaka yote nilimpa Fintan namba moja, kwa haki yake, na namba mbili nikampa Manus Lavelle. Sasa tazama mkosi wangu: Fintan hakuwahi kuanguka, na hakuwahi kuwa na ziada. Kila uchaguzi aliingia bungeni mwisho kabisa, kwa kujikwaruza ukutani, wa tatu kati ya watatu, shati limelowa jasho. Karatasi yangu ililala kwake na ikabaki kwake. Manus akawa anaondolewa mapema, raundi ya pili au ya tatu, na mimi nimempigia kura maisha yangu yote na haijamfikia hata moja.

Lakini alikuja mlangoni, na hapo ndipo ninapotaka kuwapeleka. Mgombea wa kwetu habagui mlango, hata wa mpinzani wake hubisha hodi, vinginevyo watu watasema ana woga. Kwa hiyo kila uchaguzi, mara moja, Manus alivuka ziwa kwa mashua, akapanda hiki kilima, akasimama pale kizingitini na kofia mkononi. "Bibi Heraty, naomba kura yako." "Nitakufikiria, Bwana Lavelle." Fintan anacheka kutoka ndani, "Mpe chai mtu huyo, ametoka mbali kuja kupigwa!" Anakunywa, anasema habari za daraja, anaondoka. Ni hayo tu. Kati ya uchaguzi na uchaguzi sikuwa na sababu ya kumwona wala yeye sababu ya kuja, na sote wawili tulikuwa watu wa kuheshimu sababu. Serikali ikianguka huko Dublin kabla ya wakati wake, watu walisononeka redioni, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba naanua nguo huku naimba. Mwaka mmoja ilianguka mara mbili. Sijawahi kuipenda nchi yangu kama mwaka ule.

Colman, mbona umeinamisha kichwa? Unadhani nakutia aibu juu ya baba yako? Baba yako alijua.

Siku ya kuhesabu, wanaume wa vyama hujipanga kwenye ubao wa kizuizi ukumbini, wakichungulia karatasi zinavyokunjuliwa, sanduku kwa sanduku, mpaka wanajua nyumba gani imewasaliti. Fintan alisimama pale mwenyewe sanduku letu la Glenfarra likifunguliwa. Na yeye ndiye aliyeishi na vibandiko vyangu vya bei pale dukani, anaijua mbili yangu, ile ya shingo ndefu kama bata maji. Jioni moja amerudi, ameshinda, mioto inawaka vilimani kwa ajili yake, akakaa hapo kando ya jiko, akavua soksi, akasema, bila kunitazama, "Yule bata maji yumo tena sandukuni." Nikazamisha sahani nyingine kwenye beseni. Akasema, "Yumo kila mara." Akauliza, "Na namba moja aliandikiwa nani?" Nikasema, "Wewe." Akanyoosha miguu yake kwenye moto, akasema, "Basi inanitosha." Na uchaguzi uliofuata Manus alipobisha hodi, ni Fintan aliyeinuka kumfungulia, akamvutia kiti karibu na moto, akakumbuka eti ana ng'ombe wa kuangalia zizini. Alikaa zizini muda mrefu. Sisi tuliongea juu ya bei ya sufu, kama wapumbavu, tukitazamana.

Huyo ndiye baba yako, Colman. Alikuwa na haki ya kumfungia mtu yule mlango na akamfungulia. Wewe ulimfungia kwa sababu ipi? Kwamba ulipogombea baada ya baba yako kufa, Manus alipoanguka karatasi zake zilikwenda kwa wale badala ya kuja kwako? Mwanangu, karatasi si kondoo wake. Watu wa ng'ambo walikukataa kwa sababu ulikwenda kwao na viatu vya mjini ukawaambia daraja ni ndoto. Mimi ni mama yako, nilikupa namba moja, na ukasimama mpaka raundi ya mwisho kabisa ndipo ukashindwa, wakati hakuna tena pa kuhamishia kura. Kwa hiyo hata kushindwa kwako hakukunisaidia.

Cheka, Attracta, ni ya kuchekesha. Cheka, na mimi nimecheka sana peke yangu.

Colman? Unainuka kwenda wapi? Koti la nini? … Sawa. Sawa, mwanangu. Zunguka kwa barabara ya juu, ile ya chini imejaa maji. Na usimpigie honi, ni mzee. Gonga mlango. Vua kofia.

Nipe maji, Orla. Kidogo tu.

Baada ya uchaguzi ule wa Colman, tume ya mipaka ilikaa mahali ikachora mstari, nao mstari ukapita katikati ya ziwa. Sisi tukatupwa kusini, wao kaskazini, na jina la Kilmorra likafutwa, halipo tena popote isipokuwa kwenye mabango ya zamani ambayo Attracta ameziba nayo kuta za banda la kuku. Watu walilalamika juu ya barabara na zahanati. Mimi sikulalamika, nilikwenda kupiga kura kama kawaida, nikaingia kwenye kile kijibanda, nikaikunjua karatasi, nikasoma majina kutoka juu mpaka chini, halafu kutoka chini mpaka juu. Hakuwemo. Asingeweza kuwemo. Nilisimama pale na penseli iliyofungwa kamba mpaka msimamizi akakohoa, "Mama, kuna tatizo?" Nikamwambia hakuna, nimesahau miwani. Nikaandika moja kwa mtu wetu, nikatoka. Mbili sikuandika. Wala mlangoni hakuja tena mtu, maana hakuwa na kura ya kuomba huku, na Colman alikuwa ameshasema lake. Dirisha hili linaona moshi wa nyumba yake. Asubuhi nikiuona naweka chai. Usipoonekana nangoja, na chai inangoja.

Usilie, binti yangu, nishikie mkono tu. Ngoja niseme ya mazishi, nikiwa bado napumua sawa. Nizikeni na Fintan, upande wake wa kulia, asije akaamka akanitafuta. Jeneza la kawaida. Wa chama waje, wa upande wa wale waje, wote wapewe chai, na wiski isimiminwe kwa kupima. Asihutubie mbunge yeyote. Akishika tu kifua akasafisha koo, Attracta, mpelekee sahani. Lile shamba dogo la chini, linalogusa maji pale kwenye shingo ya ziwa, nililotaja kwa mwanasheria peke yake, nimewaachia watu wa pande zote mbili. Siku wakijenga daraja waanzie hapo, wasipojenga kondoo wale majani. Colman atanuna. Mwache anune, ni mtoto mzuri, ananuna kama babu yake.

Na ninyi msigawane. Mkigombana, gombaneni juu ya siasa, hiyo ina siku yake na inaisha kwa kuhesabu. Kura yako, Orla, ukirudi kuishi huku, iandike mpaka chini. Usiache nafasi. Kila uliyempenda kidogo mpe namba yake.

Nilisinzia kidogo? Nani… nini hicho? Funga redio. Ni gari. Taa zimepita ukutani, siyo? Tulieni. Subirini milango. Mmoja. Huo ni wa Colman, anaubamiza siku zote.

Subirini.

Wa pili. Mmesikia? Umefungwa taratibu.

Attracta, chana nywele zangu hapa mbele, haraka, na hiyo shali, siyo hiyo ya kijivu. Orla, sogea nikushike kichwa. Mungu awape afya na watu wa kuwabishia hodi, wote wawili, na yule wa tatu anayepanda ngazi. Awape moto usiozimika jikoni. Aibariki nyumba hii na… na wale wa ng'ambo pia, hata wale wa kushoto kanisani.

Karibu, Bwana Lavelle. Umelowa, kama kawaida yako. Colman, mpe kiti. Siyo pale, mwanangu, huku… huku, karibu. Ahsante. Umefanya kama baba yako.

Sasa tokeni. Nyote. Hata wewe, Attracta. Kaangalieni ng'ombe.

Na mlango… urudishieni.