Dada Aliyewapulizia Filimbi Mastaa

Ndugu, jamaa, majirani na wenzetu wa uwanjani mliokuja kutusitiri, familia imemtuma mdogo wake marehemu kuwasomea maisha ya dada yake, naye atayasoma kama yalivyoandikwa mezani jana mchana, pamoja na ile sehemu ya Agosti ambayo baadhi ya wakubwa walitaka iachwe, mtamvumilia.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 14 Machi 1961, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa wa kwanza kati ya watoto wanne wa baba mchomeleaji na mama mshonaji, na tangu utotoni hakuwa na dogo, kwani wenzake wakiruka kamba yeye ndiye aliyesimama pembeni kusema nani kaigusa, na aliyeigusa alitoka, hata akiwa mdogo wake mwenyewe na machozi yanamtiririka.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968 hadi 1974, na ni hapo ambapo baba yake aliwachomelea wasichana pete mbili za nondo, bila wavu, akazisimika uwanjani, marehemu akaupenda mpira wa pete kwa moyo wake wote, akaucheza hadi alipomaliza sekondari mwaka 1978, kisha akasomea ushonaji kwa miaka miwili.

Tarehe 2 Februari 1981 aliajiriwa hospitalini, idara ya kufulia, ambako kwa miaka arobaini alifua, alipiga pasi na kushona mashuka ya wagonjwa na magauni ya chumba cha upasuaji, na wenzake mliopo hapa mnajua kwamba shuka lenye doa halikupita mbele yake, lilirudi kwenye mashine, na aliyelileta alipewa vidonge vyake. Mwaka 1989 alifaulu mtihani wa uamuzi, akawa anatoka kazini Ijumaa na Jumamosi yuko uwanjani na filimbi shingoni.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Septemba 1986, na fundi saa wa mtaa wa pili, mtu mpole aliyependa kusema kwamba nyumba yao ina watu wawili na wote wanahesabu sekunde, maana katika mpira wa pete mwenye mpira haruhusiwi kutembea nao, wala kukaa nao zaidi ya sekunde tatu. Mungu aliwajalia watoto wawili, wa kiume, ambaye ni fundi umeme na yuko hapa mbele, na wa kike, aliyezaliwa mwaka 1991, mtangazaji wa redio ambaye wasikilizaji wake mnamwita Kasuku. Shemeji yetu alitangulia mwaka 2009, na toka hapo marehemu hakuzungumzia tena kuolewa.

Mwaka 2012 hospitali ilianzisha mechi ya kila Agosti kati ya wauguzi na watu mashuhuri, waigizaji, waimbaji, wachekeshaji, ili kuchangia wodi ya watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao, na kwa sababu marehemu ndiye aliyeshona vizibao vya timu zote mbili, akaombwa pia awe mmoja wa waamuzi. Waandalizi walimnong'oneza kwamba ile ni mechi ya kufurahisha watu, staa akitembea na mpira afumbiwe macho kidogo, marehemu akaitikia kwa kichwa, akaingia uwanjani, na katika robo ya kwanza akampulizia mchekeshaji mmoja mnene mara kumi na moja. Watu walicheka hadi wakashika mbavu, mchekeshaji akapiga magoti kuomba msamaha, na marehemu, bila hata kutabasamu, akampulizia tena kwa kuchelewesha mchezo. Kuanzia mwaka huo watu walikuja kumtazama yeye kama walivyokuja kuwatazama mastaa.

Jambo lililovunja nyumba lilitokea Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2019, mabao yakiwa sawa na dakika ikiwa ya mwisho, binti yake, aliyekuwa mfungaji wa mastaa, akadaka mpira, akapiga hatua ambayo hakustahili, akafunga. Mama mtu akapuliza, bao likakataliwa, wauguzi wakachukua mpira na kushinda, uwanja mzima ukazomea. Jumatatu yake asubuhi, binti akasema redioni, "Mama yangu hata siku ananizaa alipuliza filimbi, akasema nimetoka kwa hatua." Mji ulicheka, jamani, nani hakucheka, hata mdogo wake marehemu alicheka akiwa jikoni, ila kule kwenye chumba cha kufulia redio ilikuwa wazi, wafanyakazi sita wamesimama na mashuka mikononi, na marehemu akaenda akaizima, akarudi kwenye pasi yake. Mama na mwana hawakusemezana miaka mitano, salamu zote zikapitia kwa mama mdogo, ndiye huyu anayewasomea.

Marehemu alistaafu Machi 2021, mwaka uliofuata akaanza kikohozi kikavu, na tarehe 8 Juni 2023 daktari akamwambia kwamba mapafu yake yanakakamaa, asikimbie, asijichoshe, na filimbi aiweke kabatini. Aliyekuwa naye chumbani siku hiyo ni mdogo wake peke yake, akaapishwa asiwaambie watoto, akaapa. Julai iliyopita marehemu aliposikia kwamba Kasuku atacheza tena, aliomba apewe robo ya mwisho tu, na mdogo wake, aliyejua kila kitu, akamnyooshea kizibao chake cha uamuzi kwa mkono wake mwenyewe, akitumaini kwamba uwanja huo ndio utakaowapatanisha.

Basi Jumamosi, tarehe 10 Agosti 2024, robo ya mwisho, binti akadaka mpira upande wa mama yake. Wasiojua mchezo huu waelewe kwamba waamuzi ni wawili na kila mmoja ana nusu yake, wa pili haingilii. Binti akapiga hatua moja, akamtazama mama yake, ya pili, akamtazama, ya tatu, uwanja kimya, mama yake filimbi i mdomoni na mashavu yamejaa, hakikusikika kitu, binti akarusha, mpira ukaingia. Mwamuzi wa pili alianza kuja, na mdogo wake marehemu, aliyekuwa kwenye meza ya kuandika mabao, akamnyooshea mkono na kumwambia, "Mwache, leo amemsamehe mwanawe." Neno hilo likapita jukwaani haraka, watu wakasimama wote wakapiga makofi, binti akaja mbio akamkumbatia, na mkono wa marehemu ulikuwa umeinuliwa, unaonyesha pale kosa lilipotokea, sisi tukadhani anatupungia. Mechi ikaendelea hadi mwisho, picha zikapigwa, ndipo akaketi chini na midomo yake imebadilika rangi.

Alilazwa jioni hiyohiyo, na Jumapili mchana alimwambia binti yake, "Ulitembea hatua tatu. Nilipuliza, haikutoka." Binti akamuuliza kama basi hakuwa amemsamehe, lakini muuguzi alikuwa ameshamrudishia barakoa ya oksijeni na kukataza mazungumzo, na tangu hapo marehemu hakupata tena pumzi ya kusema. Aliushika mkono wa binti yake siku zote zilizobaki. Binti ameuliza kila siku kama lile lilikuwa jibu, na mdogo wake marehemu hatasema hapa kwamba lilikuwa, kwa sababu alishamsemea dada yake mara moja, mbele ya watu wote, dada mwenyewe akiwa hai na anapuliza. Alifariki Jumatatu, tarehe 19 Agosti 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na mitatu, ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na wadogo watatu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya kifua, ambao walipoulizwa kama kumfikisha mapema kungesaidia walijibu kwa upole kwamba hawajui, inawashukuru majirani mliopika na kulala nasi, wenzake wa idara ya kufulia mliomfulia na kumpigia pasi mashuka yake ya mwisho bila doa, na ninyi mastaa mliokuja leo bila kamera.

Pumzika kwa amani, dada, ulikuwa unatuita, na sisi tulikuwa tunapiga makofi.