Mtafsiri wa Tamthilia Ishirini na Tatu

Kaka yetu, tunayemzika leo, alizaliwa tarehe 14 Machi 1954, mtoto wa pili wa fundi cherehani. Alisoma shule ya msingi kuanzia 1962 na sekondari hadi 1972, kisha akasomea ualimu. Wanafunzi wake aliwatungia michezo mifupi, na nia yake ilikuwa kuandika tamthilia yake mwenyewe.

Tarehe 1 Juni 1978 aliajiriwa na ofisi ya uchapishaji kutafsiri tamthilia za kale za Kiingereza kwa lugha yetu. Alitaka kuoa, na kazi ilikuja na nyumba. Alionyeshwa rafu yenye vitabu sita, akasaini mkataba ulioandikwa "hadi zitakapokwisha." Mwezi wake wa pili kazini mtunza stoo alimfungulia kabati la chini. Ndani mlikuwa na vitabu vingine thelathini na kimoja.

"Karibu, kaka," alimwambia. "Vile sita vilikuwa vya salamu."

Ofisi ilitaka mstari kwa mstari, usizidi wala usipungue. Dirisha la chumba chake lilitazama ukuta. Kuacha kazi kulikuwa kuihama nyumba, na baadaye watoto wake walikuwa wanasoma. "Nikimaliza hii naandika yangu," alisema. Katika daftari langu kauli hiyo imo mara kumi na tisa.

Alifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1978. Siku moja shemeji alimgombeza kwa kuchelewa kurudi, naye akachomoa penseli.

"Rudia, mke wangu. Malkia wangu wa kwenye tamthilia ameyatafuta maneno hayo wiki nzima."

"Malkia wako anaosha vyombo? Mwambie aje, hivi hapa!"

Na hayo pia aliyaandika.

Aprili 2011 figo zake zilianza kushindwa. Meneja alimletea tamthilia ya ishirini na nne hadi hospitalini. Tarehe 2 Agosti aliisukuma kando, akaniambia, "Mdogo wangu, mwandiko wako unasomeka. Andika. Hii ni yangu." Ilikuwa na watu wawili chumbani, mmoja akiomba afunguliwe mlango. Tulifika ukurasa wa tatu.

"Anafunguliwa?" nilimuuliza.

"Subiri, bado namsikiliza."

Alifariki tarehe 9 Agosti, saa nne na dakika ishirini asubuhi.

Ofisi imezitaka kurasa hizo pamoja na vifaa vyao. Penseli na kamusi nimezirudisha. Kurasa nimemkabidhi mjane.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili na sisi ndugu zake wanne. Apumzike kwa amani, na asiharakishwe na mtu.