Daktari Aliyejifunza Kuuliza Mara ya Pili: Ladislaus Dastani Nandonde, 1968–2025

Ndugu waombolezaji, mliotoka Newala, Tandahimba hadi Dar es Salaam, wasifu huu unasomwa na Gasper, mdogo wa marehemu. Umeandikwa na familia, ila sehemu moja marehemu aliagiza mwenyewe isomwe mbele ya watu. Gasper alibishana naye wiki nzima kuhusu sehemu hiyo, akashindwa.

Dkt. Ladislaus alizaliwa tarehe 14 Agosti 1968 huko Kitangari, wilayani Newala, mtoto wa kwanza wa Mzee Dastani Nandonde na Mama Ethel, ambao wote wametangulia. Mama yake alishikwa na uchungu akipanda kutoka bondeni na maji kichwani, na hadi uzeeni alimtania kwamba alikuwa na haraka tangu tumboni. Ilikuwa kweli. Alikula haraka, alitembea haraka, na aliongea kama mtu anayefukuzwa.

Alisoma shule ya msingi Kitangari, 1976 hadi 1982, kisha sekondari Ndanda. Mwaka 1990 alijiunga na chuo kikuu Dar es Salaam kusomea udaktari, akahitimu 1995. Mzee Dastani aliuza mbuzi wake wote kugharimia sherehe, akacheza ngoma siku mbili, na magoti yakamuuma mwezi mzima.

Mwanzoni mwa 1997 alipangiwa kazi katika hospitali moja huku kwetu Masasi. Na hii ndiyo sehemu aliyoiagiza. Asubuhi ya tarehe 9 Juni mwaka huo, akipita raundi katika wodi ya wazazi, alisimama kando ya kitanda cha Kibibi, mke wa Bwana Hamudi wa Chilangala, aliyejifungua siku iliyotangulia. Akauliza, "Habari za asubuhi, mama?" Kibibi akajibu, "Salama, baba." Ladislaus akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa hana malalamiko, akahamia kitanda cha pili. Sote tuliokulia hapa tunajua kwamba mtu akisalimiwa hujibu salama kwanza, hata kama nyumba inaungua, ndipo aseme shida yake. Hayo ni malezi. Ladislaus alilelewa hivyo hivyo, lakini hakumpa Kibibi nafasi ya kufika kwenye shida. Chini ya kanga alikuwa akitokwa na damu tangu alfajiri. Saa sita mchana akafariki, akaacha mtoto mchanga wa kike.

Muuguzi wa zamu siku ile alikuwa Flora, binti wa Tandahimba. Alimkuta Ladislaus nyuma ya stoo ya dawa akilia, akakaa naye chini. Walifunga ndoa hapa Masasi tarehe 23 Oktoba 1999, na Mungu akawajalia watoto wawili, Dastani na Pili.

Mwaka 2008 alihamia hospitali ya kufundishia madaktari, Dar es Salaam. Kuanzia 2019 aliongoza utafiti juu ya jinsi wanafunzi wanavyozungumza na wagonjwa. Nusu ya wanafunzi waliendelea kama kawaida. Nusu nyingine walifundishwa kuvuta kigoda, kusalimiana hadi mwisho, kunyamaza kidogo, kisha kuuliza tena, "Na mwili, mama, unasemaje?" Wenzake wengine walicheka, wakambatiza Profesa wa Shikamoo. Matokeo yalipotoka, waliouliza mara ya pili walikuwa wamegundua shida zilizofichika karibu mara mbili ya wenzao, na kicheko kikaisha.

Lakini hakukubali andiko lake lichapishwe bila ruhusa ya Mzee Hamudi, kwa sababu lilianza na kisa cha Kibibi. Mwezi Julai 2022 alikwenda Chilangala. Alimwamkia, akasalimia nyumba nzima, akaeleza kila kitu bila kujitetea.

"Daktari, miaka ishirini na tano najua mke wangu alikwenda kwa kudra ya Mungu," alisema Mzee Hamudi. "Leo umeniletea mtu wa kumlaumu."

"Ndiyo, mzee. Ndiye mimi."

"Andika. Wengine wasife. Ila msamaha usiniombe leo."

Ladislaus hakumwomba tena. Andiko lilitoka Machi 2023, naye alikuwa akimuuliza Flora kila wiki, "Mzee Hamudi hajapiga simu?" Iliuma kumsikia.

Novemba 2024 aligundulika na saratani ya ini, akaomba kurudishwa Masasi. Wanafunzi wake walipomtembelea aliwajibu, "Salama tu, vijana." Mmoja wao, Dkt. Faidha, akavuta kigoda, akakaa, akauliza tena. Mwalimu alicheka mpaka machozi, kisha akasema ukweli: alikuwa hajalala siku tatu kwa maumivu, na alikuwa anaogopa. Dawa zikaongezwa. Alifariki nyumbani tarehe 18 Oktoba 2025, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa Flora.

Ameacha mjane, watoto wawili, mjukuu mmoja, wadogo zake Gasper na Yuster, na mamia ya madaktari waliopita mikononi mwake. Tumeumia sana.

Jana alasiri Mzee Hamudi alifika hapa msibani na basi la Newala. Alidhani anakuja kumwona mgonjwa. Alikuwa amepanga kuja mwezi uliopita, akasema acha kwanza aokote korosho. Alipoona turubai na watu, alikaa chini pale pale barabarani. Kisha aliomba jembe, akachimba kaburi na vijana wetu, na umri ule. Alipomaliza alimwambia Gasper, "Nilikuwa namletea neno. Msomeeni kabla hamjamfunika."

Kaka Ladislaus, Mzee Hamudi anasema yamekwisha. Amekusamehe. Pumzika sasa, huna haraka tena.