Kisanduku cha Sindano

Basi lilipokaribia hospitali, mfagiaji wa wodi alimwinamia mzee aliyekaa naye. “Baba, eti leo na sisi wafagiaji tunachanjwa. Mwezi uliopita walichanjwa madaktari, na kisanduku cha sindano zilizotumika nakimwaga mimi. Kilikuwa chepesi kama kiberiti kilichoisha. Walichanjwa kweli wale?”

“Labda mwenzako alishakimwaga.”

“Mwenzangu? Yule hata kikombe chake hakimwagi.”

Mzee akatabasamu. “Mwanangu, mimi ni wa mochwari. Kabla ya chanjo ile gonjwa hili liliniletea madaktari watatu. Tangu hapo sijapokea hata mmoja.” Abiria wa viti vya nyuma, waliojifanya hawasikilizi, wakasogeza vichwa mbele.

“Au siku hizi wanafia kwao,” alisema mfagiaji, ila sauti ilikuwa imepungua.

Basi likasimama. Mzee akateremka akikunja mkono wa shati. Mfagiaji alibaki ameshikilia kiti cha mbele. “Hospitali, dada,” konda akasema. “Hushuki?”